Pete ya Kupunguza

Mdomo wa kamera yangu ya video una hesi ndani yake, ile mistari midogo ya kuzungushia kitu mpaka kifunge, sawasawa na mdomo wa bomba. Ndiyo maana niliipenda siku ya kwanza. Watu wengine hapa kwenye kambi ya Dzaleka, Malawi, wakiishika wanaangalia vitufe. Mimi niliangalia hesi, kwa sababu kabla ya kukimbia nilikuwa fundi bomba kule Bukavu, Kongo, na fundi bomba hasomi kwa macho. Anasoma kwa ncha ya kidole.

Majina ya watu sitayataja hapa. Sitaki kesi, tena wengine wana watoto. Lakini kazi zao nitazitaja, na mahali waliposimama, na mwenye kujijua atajijua. Nimechoka na habari zetu za kambini ambamo vitu vinavunjika vyenyewe na watu wanakufa wenyewe. Kila mara unasikia: vita vilikuja. Vita havina miguu. Kuna mtu alivileta, na kuna mwingine alimfungulia mlango.

Basi nianze na kiongozi wa kwaya. Kamera niliipata kwa Mrundi mmoja aliyekuwa anaondoka, na ndani ya begi lake kulikuwa na kioo cheusi cha duara cha kufunga mbele ya lenzi. Kazi yake ni kama ya miwani ya jua. Bila hicho, saa sita ya mchana, mabati yakiwaka na udongo ukirudisha mwanga juu, nyuso zinaungua kwenye picha na watu wanatoka weupe kama waliomwagiwa unga wa nsima. Na sisi sherehe zetu zote ni saa sita, baada ya ibada. Siku moja harusini, nimekaa nakula, kiongozi wa kwaya akachukua kamera kwenye benchi bila kuniomba, eti atoe, yaani apige picha, sare mpya za waimbaji wake. Ikamponyoka. Kamera ilipona, kioo kikafa.

"Kiyoo ilikuwa imeshapasuka, papa," aliniambia. "Mi niliikuta vile."

Mwongo. Mpaka leo anasimama mstari wa mbele na kufumba macho anapoimba.

Tangu siku hiyo kazi yangu ya kutoa video za sherehe ikaharibika. Mama wa bibi harusi mmoja alinirudishia video yake mbele za watu, pale tunapochotea maji.

"Kameraman, hawa ni banani? Umetugeuza bazungu. Basi utupatie na viza."

Wakacheka wote. Nami nikacheka, ungefanya nini? Lakini nilijua wanasema kweli. Nikawa nasema nitaenda Lilongwe nitafute kioo kingine, na kila mwezi siendi. Mpaka dada yangu alipoitwa.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, mjane, mwenye watoto wanne. Tulifika hapa siku tofauti, yeye na wanawe mbele, mimi na mama nyuma, na kwa hiyo karatasi zetu za ukimbizi ni mbili. Karatasi yake iliitwa kwenda nchi ya baridi. Karatasi yetu haikuitwa. Mama alikuwa ameshazeeka, miguu inavimba, na kila mtu alielewa, pamoja na yeye mwenyewe, kwamba dada akipanda basi la kuondoka hawataonana tena. Hatukulisema. Tulilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo la choo.

Dada alikuja kwangu wiki mbili kabla, akakaa mlangoni.

"We mdogo wangu, utanitolea mama," alisema. "Bale bengine hata basipotokea, siko na shida nabo. Mama njo namutaka. Akisema, akicheka, akirudisha kitenge yake kwa bega vile anafanyaka. Foto haiseme. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na usimutoe mweupe."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kitu kimoja tu. Nilipewa kitu kimoja.

Kabla ya kwenda mjini nilitaka kujua namba. Fundi wa simu wa hapa kambini, mtu anayejiona ingenia, aliishika kamera akasoma maandishi yaliyozunguka lenzi, akaniambia nikatafute kioo cha arobaini na nane. Nikamnyang'anya. Arobaini na nane ilikuwa ya kuvuta picha karibu, haina habari na mdomo. Pembeni yake, kadogo kabisa, kulikuwa na alama ya duara lililokatwa na mstari, halafu arobaini na tatu. Alama hiyo naijua tangu nina miaka kumi na mbili. Inaandikwa kwenye bomba. Maana yake ni upana wa mdomo.

"Ingenia," nilimwambia, "rudi shule."

Mimi mwenyewe niliishia darasa la nne. Lakini siku hiyo nilitembea kambi nzima kifua mbele.

Aliyenifundisha alama ile ni bwana wangu, fundi bomba wa mtaa wetu. Alinichukua baba alipokufa, akanipa spana ya bomba na sahani ya chakula. Kitu cha kwanza alichonifundisha ni rediksioni, kile kipande kinachounganisha bomba kubwa na bomba dogo. "Ukipunguza mdomo," alisema, "maji hayapotei, yanapata nguvu." Aliuawa kwenye uwanja wa nyumba yake na wenye bunduki, na aliyewaelekeza ni mwenye duka la sabuni aliyekaa mkabala. Walikuwa na ugomvi wa mfereji wa maji machafu. Akawaambia wale watu kwamba ndani ya mabomba ya fundi kumefichwa silaha. Nilikuwa nyuma ya rundo la matofali, nikamwona ananyoosha kidole. Alinyoosha tu, kama mtu anayeonyesha njia ya sokoni. Ndani ya mabomba hakukuwa na kitu. Waliyapasua moja moja baadaye, na hakukuwa na kitu.

Huyo sijamsamehe. Wachungaji wamenihubiria sana kuhusu huyo.

Nikaomba ruhusa ya kutoka, nikapanda gari mpaka Lumbadzi, na kutoka pale minibasi mpaka mjini, kupitia Area 25, nimepakata kamera kama mtoto mgonjwa. Lilongwe nilizunguka nusu siku. Duka hili wanauza simu, duka lile wanauza spika, kamera hawataki hata kuisikia. Mwisho nikaelekezwa kwa muuzaji mmoja nyuma ya soko, Mmalawi wa umri wangu, mwenye meza ya vioo iliyojaa chaja. Kiswahili alikuwa nacho, cha kwenda Tunduma na Dar kununua bidhaa.

"Karibu bambo. Unatafuta nini?"

"Kioo cheusi cha kamera ya video. Arobaini na tatu."

Akacheka, akapiga meza. "Leo nimepata mteja anayejua namba yake! Wengine wanakuja, nipe cha kamera. Nawauliza kamera gani, wananiambia ile nyeusi."

Nikampenda mtu huyo, nasema kweli. Alitoa kopo la biskuti, akamwaga mezani vioo na pete, akachagua kwa kidole kama mtu anayechambua maharage.

"Arobaini na tatu sina," alisema. "Lakini tutafunga kwa pete. Angalia. Pete hii upande mmoja ni arobaini na tatu, inakaa kwenye kamera yako. Upande wa pili ni hamsini na mbili. Unaweka juu kioo kikubwa. Umemaliza."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo inashuka. Arobaini na tatu kwenda thelathini na saba, na kioo kidogo. Usichukue hiyo. Itakuletea giza kwenye kona."

Niliishika ile ndogo. Niliifunga kwenye kamera, ikazunguka laini, hesi safi, ikakaa. Nikaishika na ile kubwa, ikawa kama kofia ya mzee kwenye kichwa cha mtoto. Katika sherehe zetu watu wanasukumana. Niliona viwiko vinavyoigonga. Na zaidi ya hapo niliona kitu ambacho muuzaji, nilidhani, hakioni.

"Bwana," nikamwambia, "shida yangu ni jua jingi. Nataka lipungue. Sasa we unaniambia nipanue mdomo?"

"Kioo ndicho kinapunguza jua. Pete haipunguzi, inakata picha."

"Hii ni rediksioni. Nimezifunga maisha yangu yote. Ukipunguza mdomo, kinachopita kinapita na nguvu."

"Hiyo ni maji, fundi."

"Maji, mwanga, yote yanapita mdomoni."

Alinitazama. Hakunidharau, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Sawa," alisema. "Basi jaribu. Simama hapo mlangoni, rudisha picha mpaka mwisho, ifunguke yote, halafu angalia kona."

Nikasimama mlangoni. Kile kioo cha pembeni cha kamera yangu, kinachoonyesha picha, kilishakufa zamani, naangalia kwa kile kijicho cha nyuma, na kijicho hicho, sikujua wakati ule, hakionyeshi picha nzima, kinameza ukingo. Nikamvuta karibu mtu wa kabaza, teksi ya baiskeli, aliyekuwa ng'ambo ya barabara akifunga mto kwenye kiti cha baiskeli yake. Nilimwona vizuri ajabu, mpaka jasho la shingo. Sikurudisha picha mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshaamua.

"Naona vizuri."

"Na kona?"

"Kona ziko pale pale."

Akainua mikono. "Haya. Kichwa ni chako, kofia ni yako. Zikomo, asante, fundi."

Nikalipia ile ndogo na kioo chake. Mtu asidhani nilikimbia bei. Zilikuwa karibu sawa.

Kuagana kulifanyika Jumapili, uwanjani mwa kanisa letu. Uwanja wenyewe ni mwembamba, kati ya ukuta na ua wa majani, na watu walikuwa wengi, hivyo nilibanwa mgongo kwenye ua na ilinibidi nifungue picha mpaka mwisho ili wote waingie. Jua lilikuwa kali. Kioo cheusi kilifanya kazi yake, nyuso zilikuwa na rangi zake, nikasema moyoni: ingenia aje aone.

Sasa nimseme mtu wa protokole. Kila sherehe yetu ina mtu wa protokole, na huyu wa kanisa letu ana utepe kifuani na sauti ya ng'ombe. Yeye ndiye anayepanga watu, na mpango wa kuagana hapa kwetu unajulikana. Wanaoondoka wanakaa katikati, wanaobaki wanakaa pembeni, na hakuna kuchanganya. Wanasema wanaobaki wakikaa katikati wanavuta safari nyuma. Kuna familia moja walichanganya, safari yao ikasimama mwaka mzima kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto, na tangu hapo hata wachungaji hawabishani na jambo hilo.

"Benye kuenda, katikati!" alipiga kelele. "Benye kubakia, pembeni! Bazee mbele, bakae! Mama, weye kule mwisho, kwa kile kiti."

Kiti chenyewe kilikuwa kigoda kifupi, mwisho kabisa upande wa kushoto.

"Miye ni kiatu?" mama aliuliza. "Munaniweka kwa mlango?"

Watu wakacheka sana. Dada akatoka katikati, akamshika mkono. "Mama atakaa na miye. Mi njo naenda, mi njo nasema."

"Maman, ni mpango," yule wa utepe akasema. "Tukichanganya hapa, bitachanganyika kule mbele."

Dada alitaka kugombana. Namjua, angegombana mpaka jioni. Mama ndiye aliyemkata. Alimrudishia mkono wake taratibu, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

"Acha," alisema. "Mi nisikurudishe."

Akaenda akakaa kwenye kile kigoda.

Niliona haya yote kwa kijicho changu. Nilimwona mama akikaa, nikajua yuko ndani ya picha, pale ukingoni. Alipopewa nafasi ya kusema hakusimama, miguu haikumruhusu. Alisema akiwa amekaa, na nilisikia kila neno.

"Nilikubeba kwa mgongo, nikakubeba tena siku ya kukimbia na ulishakuwa mtu mzima, nilikubeba kwa maombi. Sasa nimechoka. Nakuweka chini. Tembea. Na kule mwendako batoto bavale masokisi."

Watu walicheka na kulia pamoja. Nilisema: nimepata. Hii ndiyo dada anataka.

Walikuwa wanaondoka alfajiri, kwa hiyo nilikimbiza kadi kwa mtu wa kunakili, akaitoa nakala mbili bila kuiangalia, moja ya dada na moja yangu. Dada akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

Wiki tatu zilipita, ndipo ikaja sauti yake kwenye simu.

"Ndugu yangu, tumeiona na batoto. Tumelia sana. Iko nzuri, batu bote beko na rangi yabo. Lakini mama iko wapi? Namusikia, simuone. Ulimutoa kwa ingine? Kama iko ingine, unitumie."

Nilichukua nakala yangu nikaenda kwa mtu anayeonyesha mpira kwa kiingilio, mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Akaiweka kwenye televisheni yake kubwa.

Picha ilikuwa duara. Kona zote nne zilikuwa nyeusi tititi, na giza lilikuwa limekula mpaka ndani. Ilikuwa kama mtu amelala tumboni mwa bomba, anachungulia watu walioko nje. Katikati, dada na wanawe, wazi, wazuri. Pembeni, wanaobaki, nusu nusu: shavu la mtu, bega, kofia. Na chini kushoto, pale kwenye kigoda, hakuna kitu. Giza. Ndani ya lile giza mama alikuwa anasema habari ya kubeba na kuweka chini, na masokisi, na watu wanacheka. Mara moja tu mkono wake ulitoka kwenye weusi, ukashika kichwa cha mjukuu aliyepita karibu, ukarudi.

"Ni staili?" mwenye ukumbi aliniuliza. "Kama ya sinema?"

"Nyamaza," nikamwambia.

Nilirudi Lilongwe wiki ile ile. Muuzaji alinikumbuka, akafungua mikono.

"Fundi! Jua limepungua?"

Ninayoyasema sasa sijawahi kumwambia mtu. Duka lilikuwa na wateja wanne au watano. Nikaipiga ile pete juu ya meza yake ya vioo, nikasema kwa sauti, na kwa Chichewa changu kibovu ili wote waelewe, kwamba mtu huyu ni mwizi, kwamba anauzia wakimbizi vitu vibovu kwa sababu anajua hatuna pa kushtaki. Mama mmoja aliyekuwa ameshika redio akairudisha mezani, akatoka. Mwanamume mmoja akamfuata.

Muuzaji hakupiga kelele. Alingoja nimalize.

"Bambo," alisema, "mimi nilikuambia nini?"

Nilikuwa nimemwonyesha kidole usoni, na kidole kilikuwa bado pale, sikujua nikiweke wapi. Akachukua lile kopo la biskuti, akatoa pete ya kupanua na kioo cha hamsini na mbili, akavisukuma kwangu.

"Chukua. Usirudi hapa."

Kituoni, kabla minibasi haijajaa, nilimpigia dada. Nikamwambia kwamba muuzaji wa Lilongwe aliniuzia pete mbaya, akijua ni mbaya. Maneno yalitoka laini, kama ile hesi safi.

"Mungu amulipe," dada alisema.

Nilisema nitatengeneza. Mama alikuwa hai bado, hakuna kilichoharibika. Asubuhi nikaweka kigoda mlangoni, mahali pa mwanga mzuri, nikafunga pete mpya na kioo kikubwa, nikachukua mita yangu ya fundi nikapima toka kigoda mpaka kwenye kamera. Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniangalia na ile mita.

"Unanipima?"

"Nataka kukutoa, mama. Dada anataka video yako."

"Dada nilishamuaga."

"Haukutokea vizuri."

"Vipi sikutokea? Nilikuwa pale. Nilisema."

"Picha ilikukata."

Akaweka ungo chini. "Mzee peke yake, amekaa kwa kiti, anaangalia mbele. Hiyo foto naijua. Ni ya kuweka juu ya sanduku. Na mtu haage mara mbili, baba. Wa mara ya pili ni wa kufa."

"Si kosa letu, mama. Muuzaji njo alituharibia."

"Basi muuzaji aje anitoe yeye," alisema, akageuza kigoda, akanipa mgongo, akaendelea na mchele wake.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Mama alinijua. Kama ningemwambia, mama, nimeharibu mimi, nisaidie, angegeuka. Hajawahi kunikatalia kitu nilichoomba kwa jina langu. Lakini niliomba kwa jina la mtu mwingine, na kwa mtu huyo hakuwa na deni. Nilijaribu kumvizia siku nyingine, kwa dirisha, akifua, akiota jua. Alikuwa na masikio ya paka. Akisikia kifuniko cha lenzi tu, anavuta kitenge juu ya uso.

Alikufa mvua zilipoanza. Miguu ilivimba, halafu tumbo, halafu akalala. Hapo tu sina wa kumtaja. Katika ukoo wetu ni yeye pekee aliyekufa bila mtu kumwua, na nilikaa kando ya kitanda chake nikitafuta, nasema kweli, nikitafuta nani alaumiwe, kwa mazoea.

Dada aliomba mazishi yatolewe. Nikayatoa mimi, mtoto akitoa mazishi ya mama yake, wanawake wakinitazama vibaya. Jua lilipasuka kati ya mawingu, mabati yakawaka, na kioo cha hamsini na mbili kikafanya kazi yake. Nilifungua picha mpaka mwisho. Ukiiangalia leo utaona kila kitu toka kona hadi kona: majembe, matope kwenye viatu, mtu wa protokole na utepe wake, kiongozi wa kwaya amefumba macho, udongo unaodondoka. Haijawahi kutoka video nzuri kama ile mikononi mwangu. Mama yumo ndani ya sanduku, katikati kabisa.

Baada ya hapo dada akawa ananipigia kila Jumapili. Alikuwa na desturi moja. Mwisho wa maongezi anaomba, mimi nimeshika simu huku, na katika maombi yake ana orodha. Kwanza wale wa bunduki. Pili mwenye duka la sabuni. Tatu, akaongeza wa tatu, muuzaji wa Lilongwe, "huyu mwenye alininyima uso wa mama yangu, Bwana, umuonyeshe." Na mimi nilikuwa nasema amina.

Nilisema amina kwa Jumapili nyingi. Mtu mwenye meza ya chaja, aliyecheka kwa furaha kwa sababu mteja anajua namba yake, nilimweka mstari mmoja na yule aliyenyoosha kidole uwanjani mwa bwana wangu. Na kidole cha sasa kilikuwa changu. Mabomba ya fundi hayakuwa na kitu ndani. Kopo la biskuti pia halikuwa na kitu ndani, ila pete, na ile nzuri alikuwa ameniwekea ya kwanza.

Jumapili moja, mchana, nilimkata kabla hajafika kwa wa tatu.

"Dada. Muuzaji umutoe."

"Nimutoe wapi?"

"Kwa maombi. Alinipa pete kubwa. Alisema ndogo italeta giza kwa kona. Nilikataa. Nilisema mi ni fundi, najua rediksioni."

Kule kwake nilisikia maji yanatiririka; alikuwa jikoni, anaosha vyombo.

"Ulijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ile siku dukani."

"Mama ali... Mama alijua?"

"Hapana. Hata yeye nilimwambia ni muuzaji."

Maji yaliendelea. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana, yeye anajua kutukana. Badala yake alifunga bomba, nikasikia kile kilio kidogo cha valvu ambayo mpira wake umechakaa, na moyoni nikasema anahitaji kubadilisha mpira huo.

"Ile video ya kwanza," alisema, "niko nayo hapa. Mama alikuwa amekaa upande gani?"

"Kushoto," nilimwambia. "Chini."